Dereva Aliyezima Gari

"Shika! Wewe wa shati la bluu, shika!"

Breki hakujua ni yeye anayeitwa mpaka alipogeuka na kuona kioo kirefu kuliko mlango kinamjia kikiyumba. Ncha moja ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya kijivu na glavu nene. Ncha ya pili haikuwa na mtu; mchukuzi aliyekuwa ameishika alikuwa ameteleza mtaroni, yuko magotini, anatafuta kiatu chake. Breki akaruka, akakidaka kioo kikiwa kimebakiza shibiri moja kugonga lami.

"Usikikumbatie, utajichinja," mwanamke akasema. "Tumia viganja. Kiegemeze begani. Ehee, hivyo hivyo."

"Sasa?"

"Sasa tembea."

"Kwenda wapi?"

"Ninakokwenda mimi. Anza na mguu wa kulia."

Ilikuwa saa tano asubuhi na soko la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Mikokoteni ya saruji ilipita ikikwaruza viatu vya watu, wauza mabati walikuwa wakiyagonga kuita wateja, na mabomba yalichomoza madukani kama yanamvizia mtu jichoni. Katikati ya vurugu ile walipita wao wawili, hatua kwa hatua, kama watu waliofungwa kamba moja. Breki alimtazama kupitia kile kioo. Alikuwa amejifunga kichwani kitambaa cha rangi ya machungwa, kwa haraka haraka, na penseli ameichomeka nyuma ya sikio. Alikuwa na kovu dogo kidevuni. Macho yake yalikuwa njiani tu.

Simu ya Breki ikaanza kulia mfukoni. Ikakata, ikaanza tena.

"Simu yako," mwanamke akasema.

"Iache ilie."

"Labda ni mkeo."

"Sina mke."

"Sikukuuliza."

"Umeuliza."

Mwanamke akacheka, na kioo chote kikatetemeka kwa kicheko chake. "Usinichekeshe, bwana. Hiki ni mali ya mtu."

Walikitua kwenye duka dogo lenye harufu ya gundi na vumbi la kioo. Ndani alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani mizito. Alikikagua kioo kwanza, pembe zote nne, kisha ndipo akamkagua Breki.

"Huyu nani?"

"Mchukuzi mpya, Baba."

"Mikono yake laini."

"Mimi ni dereva, Mzee," Breki akasema, na hapo hakusema uongo. Uongo ulikuja alipoulizwa anaendesha nini, akajibu anabeba mizigo ya kampuni. Simu ikalia mara ya tano. Aliomba namba ya yule mwanamke, fundi wa vioo, akapewa, akatoka mbio.

Aliyekuwa akipiga ni Tai. Watu walikuwa wakibishana kama jina lile lilitokana na ndege au na tai ya shingoni, maana alikuwa havui tai hata jua likiwa linachemsha lami. Tai ndiye aliyekuwa kichwa cha genge lao la watu watatu. Yeye alipanga, Sumaku aliingia akachukua, Breki aliwaondoa. Walimwita Breki kwa dhihaka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akiikanyaga.

Na kama mtu angemuuliza kwa nini yumo katika kazi ile, Breki angemjibu kwa neno moja: Sumaku. Walikua mlango kwa mlango. Walipokuwa na miaka kumi na tisa waliiba pamoja redio za magari; Breki akakimbia, Sumaku akakamatwa. Alipigwa mpaka jino likatoka, akaulizwa mwenzake ni nani, akasema alikuwa peke yake. Akala miaka mitatu jela. Mama yake alifariki yeye akiwa ndani, na Breki ndiye aliyemzika, akasimama pale mtoto anaposimama. Siku Sumaku alipotoka, hakuna aliyemwambia mwenzake asante. Walikumbatiana tu, wakaenda kutafuta chakula. Kazi ya kwanza aliyoipata Sumaku ilikuwa ya Tai, na Breki akaifuata kazi hiyo kama mtu anavyomfuata ndugu yake chumba cha pili.

*

"Haloo, Fundi."

"Haloo, Dereva. Leo umebeba nini?"

"Leo nimebeba mawazo."

"Hayo hayana uzito. Njoo unisaidie kubeba fremu."

Hivyo ndivyo simu zao zilivyokuwa. Breki alimpigia mchana, Fundi akiwa juu ya ngazi, gundi ya silikoni mkononi, simu imebanwa kati ya sikio na bega. Alimpigia jioni akifunga duka. Wakati mwingine hawakusema lolote la maana. Angesikia tu mlio wa almasi ya kukatia ikipita juu ya kioo, mlio mwembamba wa kusisimua meno, halafu sauti ya Fundi ikihesabu, "moja, mbili," na kioo kikakatika, pa!

"Unasikia raha kukivunja?"

"Sikivunji, mpenzi. Kukata na kuvunja ni vitu viwili."

Ile "mpenzi" ilimtoka kama iliyoteleza. Breki alitembea siku nzima akiwa nayo.

Lakini hakuwa mtu wa kutulia. Wakiketi mahali, aliketi ubavu, akiutazama mlango. Mguu wake ulicheza chini ya meza. Gari likipiga honi nje, kichwa kilikuwa kimeshageuka. Jumapili moja Fundi alikuja amevaa gauni la kijani kibichi lililomkaa vizuri kiunoni, nywele zimesukwa upya, viatu vya kisigino kifupi, na Breki, badala ya kumtazama, alikuwa akihesabu milango ya ule mgahawa.

"Wewe," Fundi akasema, "kila siku unakaa kama mtu aliyeacha jiko linawaka."

"Samahani, roho yangu."

"Nimekaa saa mbili kusukwa. Sema basi hata neno moja."

"Umependeza mpaka naogopa."

"Unaogopa nini?"

Alitaka kumwambia. Mdomo ulishafunguka. Simu ikalia, ikawa ni Tai, na Breki akasimama kabla hajajua amesimama. Fundi alibaki akiitazama soda yake.

Siku mbili baadaye Tai aliwaita gereji, akajilegeza juu ya kiti, akanyoosha tai yake. Kulikuwa na sonara mmoja katika barabara ya maduka makubwa, mwenye mikufu na bangili za harusi nyuma ya kioo kipana. Tai alikuwa ameshachunguza.

"Na kile kioo," akasema akimtazama Breki, "kimewekwa na yule bibi yako wa ovaroli. Muulize ni unene gani, kimeshikwa na nini, kinavunjika kwa nyundo gani. Mlainishe kwa maneno mawili matatu, atakwambia."

"Sitamuuliza."

"Unasema?"

"Nimesema yeye hayumo. Tafuta duka lingine."

Tai akatabasamu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mtu wa kukumbuka. "Mtu anayekataa kuuliza," akasema, "siku moja atakuwa mtu wa kujibu." Sumaku, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, alimtazama rafiki yake, akamtazama Tai. Alimjua Tai. Alijua kwamba jambo lile lisipopatikana kwa njia moja, Breki atalipia kwa nyingine.

Kwa hiyo kesho yake Sumaku akaoga, akavaa shati jeupe, akaenda mwenyewe kwenye duka la vioo.

*

Jioni ile Breki alimpitia Fundi kazini. Alimkuta akifagia vipande vya kioo, uso umekunjamana.

"Leo kuna mteja wa ajabu alikuja," akasema. "Anataka kioo kama cha yule sonara niliyemfungia mwezi uliopita. Nikamwambia sawa, una duka la aina gani? Akababaika. Akaniuliza kinaweza kuvunjika kwa pigo ngapi. Nani ananunua kitu kwa kuuliza kitavunjikaje?"

Breki akamsogelea. "Ukamjibu?"

"Nilimjibu nusu, nikagutuka. Alikuwa mcheshi, nikajisahau. Ana pengo hapa mbele."

Simu ya Breki ilikuwa juu ya meza ya kukatia, katikati yao. Ikalia wakati huo huo. Kwenye skrini ikajitokeza picha ya watu wawili wamekumbatiana mabega, Breki na mwenzake, mwenzake anacheka, pengo wazi kabisa.

Fundi aliitazama ile picha mpaka simu ikakata. Akauegemeza ufagio ukutani polepole.

"Ni huyu."

"Fundi..."

"Ndiye huyu aliyekuja."

"Nisikilize kwanza."

"Nakusikiliza. Sema. Huyu ni nani?"

Hapo ndipo Breki aliponasa. Kusema mimi sikuhusika ilikuwa kusema nani alihusika. Kuitetea nafsi yake kulikuwa kumchongea Sumaku, na Sumaku, hata alipong'olewa jino, hakumtaja yeye.

"Ni ndugu yangu," akasema.

"Na wewe unabeba mizigo gani, Dereva? Mizigo ya nani?"

Breki akainamisha macho kwenye vile vipande vya kioo sakafuni.

"Kumbe." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa ndogo sana. "Kumbe wewe ulitumwa mwanzo, yeye akaja kumalizia. Na mimi nikasuka nywele."

"Si hivyo, naapa."

"Basi niambie ilivyo!"

Hakumwambia. Mzee alitokea mlango wa nyuma na kikombe chake cha chai, akawatazama mmoja mmoja, akarudi alikotoka. Fundi akaichukua ile simu, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyomrudishia mteja chenji.

"Usinipigie tena."

Breki alimfuata Sumaku gereji. Kwa mara ya kwanza tangu wawe watoto alimshika ukosi.

"Nani alikutuma kwake?"

"Nilijituma! Tai angekubana wewe. Nikaona bora niende mimi, nipate jibu, wewe ubaki na mchumba wako kwa amani."

"Ameniacha, Sumaku. Ameiona picha yako."

Sumaku akakaa chini, pale pale sakafuni penye mafuta, akajishika kichwa kwa ile mikono yake mirefu iliyokuwa ikifungua kufuli kama inafungua biskuti. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilidhani nakusaidia."

"Tuache hii kazi. Leo. Mimi na wewe."

"Nimeshamwahidi Tai. Hii, halafu basi. Wewe baki. Atatafuta dereva mwingine."

Breki alizunguka gari mara tatu. Hakuweza kukaa, hakuweza kusimama. Alijua dereva wa namna ile angekuwaje: angesikia king'ora, angeondoka. Hakuna ambaye angemngoja Sumaku.

"Nitaendesha," akasema.

*

Siku ya kazi ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, barabara imejaa watu wanaorudi makazini. Breki alisimamisha gari ng'ambo ya duka, injini inanguruma. Alishampigia Fundi mara kumi na nne tangu siku ile. Hakupokea hata moja. Ujumbe mmoja tu alimtumia: *Sikutumwa kwako. Siku ile ni wewe uliyeniita nishike.* Haukujibiwa.

Tai na Sumaku waliingia. Breki aliona tai nyekundu ikipita mlangoni, akaona watu wakilala chini, akaona nyundo inapanda. Pigo la kwanza. La pili. Kioo kilipasuka mistari mistari kama utando wa buibui, lakini hakikumwagika. Pigo la tatu likafungua tundu, na Sumaku, kwa pupa, akaupenyeza mkono. Breki hakusikia ukelele. Aliuona tu mdomo wa rafiki yake umefunguka, na mkono umenasa mpaka kiwikoni, hautoki wala hauingii, na wekundu unashuka juu ya bangili za watu.

King'ora cha duka kikaanza kupiga. Tai akatoka mbio, peke yake, akajitupa kiti cha nyuma.

"Twende!"

"Sumaku yuko wapi?"

"Amekwisha huyo. Twende!"

"Mwache atoke."

Kitu cha baridi kikagusa shingo ya Breki. Bastola ya Tai, ambayo siku zote walidhani ni ya kutishia wenye maduka tu.

"Nimesema ondoa gari."

Breki akazima injini. Akauchomoa ufunguo, akautupa nje ya dirisha, chini ya magari yaliyokuwa yakipita.

"Piga," akasema, jasho likimtiririka. "Halafu uendeshe mwenyewe."

Na Tai, miaka yote ile ya kupanga na kuamrisha, hakuwahi kujifunza kuendesha hata baiskeli. Aliduwaa sekunde mbili, tatu. Kisha akaufungua mlango, akatimua mbio katikati ya watu, tai ikipeperuka begani. Walimkamata siku ile ile jioni, stendi ya mabasi, kwa sababu katika abiria mia tatu alikuwa peke yake aliyevaa tai.

Breki alivuka barabara. Aliingia dukani mikono juu, akawaambia waliolala chini, "Samahani, nimekuja kumchukua ndugu yangu." Alivua shati, akalizungushia kwenye ule utando wa kioo, akavunja kipande kwa kipande mpaka mkono ukatoka. Sonara mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, alimkabidhi kitambaa cha kufungia jeraha bila hata kujua anafanya nini. Barabarani Breki alisimamisha gari la kwanza lililopita.

"Hospitali," akasema, na mwenye gari alipoiona ile damu hakuuliza.

*

Kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji Breki alikaa amevaa fulana tu, damu imemkaukia mpaka mabegani. Nesi alimuuliza, "Wewe ni nani kwake?" Akajibu, "Ndugu yake." Nesi akaandika, akaenda zake, na kwa namna alivyotembea haraka Breki alijua anakwenda kupiga simu gani. Mlango wa kutokea ulikuwa hatua ishirini. Alisimama mara nne. Mara nne akakaa.

Simu ikalia. Alipoliona jina aliipokea kwa mikono miwili.

"Uko wapi?" Fundi akauliza, anahema.

"Hospitali."

"Wewe umeumia?"

"Mimi mzima."

Fundi akakata simu. Baada ya nusu saa alitokea mwisho wa korido, ovaroli ile ile, glavu zimechomoza mfukoni. Hakukaa. Alisimama mbele yake.

"Sonara kaniita nikakiangalie kioo. Wanasema dereva hakukimbia. Wanasema alitupa ufunguo akaingia dukani mikono juu. Nikasema moyoni, huyo mpumbavu namjua."

"Mimi sikutumwa kwako, Fundi."

"Na yule?"

"Alikuja ili mimi nisilazimishwe kukuuliza. Mimi nilikataa. Nilishindwa kukwambia bila kumtaja yeye."

Fundi akakaa sasa, lakini ncha ya benchi, mbali. Alivivuta vidole vya glavu kimoja baada ya kingine.

"Kile kioo kilikuwa cha kawaida," akasema. "Kingepasuka kikamwagika chote, angechukua akatoka. Nilipojua, nilikwenda nikamwambia sonara kina kasoro, nikambadilishia. Nikaweka cha tabaka mbili, katikati kina utando. Hakimwagiki. Sikwenda polisi, maana ningekutaja wewe. Niliona hiyo ndiyo njia ya huruma." Akamgeukia. "Daktari anasemaje kuhusu mkono?"

"Mishipa ya vidole vitatu imekatika. Havitakunjika tena."

Fundi akafunika uso. Breki alimtazama, na kwa kitambo kirefu hakujua anachohisi. Mikono ile ya Sumaku ilimbebea mzigo wake miaka mitatu. Na huyu hapa ndiye aliyeiharibu, na alikuwa na haki, na alikuwa analia. Mguu wake, ambao haukuwahi kutulia, ulikuwa umetulia kabisa.

"Ungefanya nini kingine," akasema hatimaye. "Sisi ndio tuliokwenda na nyundo."

"Mlango ule pale," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Polisi bado hawajafika. Mimi sijakuona."

"Nikitoka, akiamka ataambiwa ataje dereva, naye atasema hakumjua. Atakwenda tena peke yake. Namjua. Hata mkono ungekuwa umekatika wote, atasema hivyo hivyo."

"Utafungwa."

"Nitafungwa. Wewe usiningoje, roho yangu. Tafuta mtu anayebeba mizigo kweli."

"Nani amesema nitakungoja?" Fundi akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. "Nimesema nini mimi? Sijasema kitu. Nitakuja kukutazama Jumamosi, basi. Jumamosi moja."

Akasogea. Walipoingia askari wawili na mpelelezi mmoja, waliwakuta wamekaa bega kwa bega, na Breki akasimama mwenyewe akajitaja kabla hajaulizwa.

*

Hakimu alimpa miaka miwili kwa sababu alikiri na kwa sababu hakukimbia. Sumaku, aliyekuwa mkosaji wa zamani, alipewa mitatu na nusu. Kizimbani, mkono ukiwa bado kwenye bandeji, alijaribu mpaka dakika ya mwisho. "Mheshimiwa, huyu dereva simjui." Mahakama nzima ikacheka, hata karani. Breki akamwambia kwa sauti, "Nyamaza, Sumaku, imetosha," na hakimu akagonga meza lakini hakukasirika.

Fundi alikuja gerezani, walikofungwa wote wawili, Jumamosi moja. Akaja ya pili, akidai kwamba alikuwa anapita tu. Kufikia ya tano aliacha kutoa sababu. Alikuja kila mara na vitu viwili viwili, sabuni mbili, miswaki miwili, soksi jozi mbili, akisema, "Hii yako, hii ya shemeji." Mara ya kwanza aliposema "shemeji" Sumaku alilia kama mtoto. Alimwomba Fundi msamaha, na Fundi akamwomba yeye msamaha, wakawa wanagombania nani aombe kwanza mpaka muda ukaisha.

Siku moja Breki alimuuliza kama ataolewa naye.

"Uliza ukiwa nje," Fundi akajibu, "hakuna askari anayesikiliza."

"Mimi sisikilizi," askari akasema.

Kwa tabia njema alitoka baada ya miezi kumi na sita. Mzee alimpa kazi ya kuendesha pikapu ya vioo, kwa masharti aliyoyatamka akiwa amemnyooshea kidole: asipite spidi ya hamsini, na kikivunjika hata kimoja asirudi. Breki, aliyekuwa hajui breki, alijifunza kukaribia kila tuta la barabarani kama anayekaribia mtoto aliyelala. Jioni moja, wakiwa wanashusha fremu, aliuliza tena. Fundi alikuwa ameshalifungua tabasamu Breki alipoongeza:

"Lakini tungoje Sumaku atoke. Sitaki mtu mwingine asimame ubavuni pangu siku ile. Sina."

Tabasamu likafungwa. "Kumbe harusi yangu itapangwa na magereza!"

"Naye atapunguziwa kama mimi. Ni mwaka mmoja tu."

"Mwaka mmoja tu! Miezi kumi na sita nimepanga foleni na mifuko ya sabuni, leo unaniambia mwaka mmoja tu. Mimi nitakuja kuwa wa kwanza lini kwako?" Aliiacha fremu pale chini, akaingia ndani. Kwa siku tatu alizungumza naye kwa vipimo tu: mita moja na nusu, sentimita themanini.

Jumamosi akapanda kwenye pikapu bila kuambiwa. "Nipeleke gerezani. Lakini leo naingia peke yangu."

Breki alibaki kwenye maegesho. Alishuka, akapanda. Akafuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi. Akashuka tena, akalizunguka gari, akahesabu misumari ya geti. Alijiambia kwamba amemkosa, kwamba alikuwa na watu wawili tu duniani na kwa ujinga wake amewalazimisha kugombania nafasi moja. Saa nzima ilipita. Fundi alipotoka alikuwa anatembea polepole, kitambaa mkononi, macho mekundu.

Aliingia, akafunga mlango.

"Amesemaje?" Breki akauliza.

"Amesema wewe ni mjinga. Amesema tuoane hata kesho, tusimfanye yeye kisingizio. Amesema kwanza hata suti hana, na mkono wenyewe hauwezi kufunga kifungo."

"Wewe ukamjibu nini?"

Fundi alilitazama geti. "Nikamwambia vifungo nitamfunga mimi. Nikamwambia achague rangi ya suti, tunamngoja."

Breki aliushika mkono wake, ule wenye makovu madogo madogo ya kioo, akauweka kwenye shavu. Fundi akamwacha kidogo, kisha akamgeukia kwa ukali wa mtu anayetaka kueleweka.

"Lakini nisikilize vizuri, Dereva. Siku atakayotoka, hata ikiwa Jumatatu asubuhi, hata mvua ikinyesha, tunaoana siku ile ile. Sitangoja hata aoge."